Kilwa Kisiwani siku nzima na mwongozaji wenu wenyewe, pesa inastahili

Kwa wale wa Mtwara na Lindi mnaoulizaga kama kuna haja ya kumlipa mwongozaji wenu peke yenu pale Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, au mtu ajiunge tu na kundi lolote atakalolikuta gatini, jibu langu ni mlipeni, tena bila kusitasita. Watu wengi wa huku kwetu wanavuka, wanapiga picha mlangoni pa Gereza, ile ngome ya zamani, wanazunguka Msikiti Mkuu mara moja halafu wanarudi Kilwa Masoko, mji wa ng'ambo unaopandia boti, wanasema ni mawe tu yale. Sio mawe tu jamani. Ila bila mtu wa kukuonyesha unaangalia nini, na wa kukusubiri mpaka uelewe, utarudi na hayo mawe na picha za simu bas.

Sie tulikuwa wanne, mie, mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua, mdogo wangu wa kike na mwanawe wa darasa la tano anayeuliza maswali kutwa nzima. Watu wa namna hiyo ukiwaweka kwenye kundi la watu kumi na tano unawaonea, mana kundi halimsubiri bibi apumzike na mtoto akiuliza swali la pili wenzie washaanza kunung'unika. Hiyo ndo sababu kubwa nilitaka wa kwetu wenyewe.

Kwanza nilipiga simu ofisi moja ya mambo ya safari, jina siliweki hapa, wakanitajia bei ya jumla jumla, nilipoomba wanichanganulie boti ni kiasi gani, mwongozaji kiasi gani na kibali cha kuingia magofuni kiasi gani wakawa wanazunguka tu, mara bosi hayupo, mara lipa nusu kwanza ndo tukutumie. Nikaacha. Ndugu yetu anayeishi Masoko akatupa namba ya kijana mmoja mwongozaji wa pale pale, na hapo nikaona tofauti kuanzia meseji ya kwanza. Kabla hajataja hela aliuliza bibi anaweza kutembea umbali gani bila kukaa, mtoto anaogopa maji au haogopi, na je tutakula kisiwani au tukirudi. Alafu akasema saa ya kuondoka hawezi kuipanga mpaka aangalie maji, kwa sababu tukifika yamekupwa sana bibi itabidi ashukie mbali na atembee kwenye matope. Mtu anayepanga safari kwa kufuata maji kujaa na kupwa huyo anaijua kazi yake.

Kuhusu hela, mwongozo na boti alitupa bei mbili tofauti, kila moja na yake, na kibali tulilipa wenyewe ofisini Masoko kwa kontrol namba tukapewa risiti. Viwango siviandiki hapa kwa sababu vinabadilika na Mtanzania halipi sawa na mgeni, kwaiyo beba kitambulisho chako. Na usijaribu kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kutoka Lindi, sembuse Mtwara. Mpaka ufike Nangurukuru, ukunje kuingia Masoko, jua lishapanda na wewe umechoka. Lala Masoko, asubuhi unaamkia gatini.

Sasa boti. Hapa ndo pana lawama yangu. Injini ilikuwa nzima, nahodha mtu mzima anayejiheshimu, lakini laifu jaketi zilizokuwemo zote za watu wakubwa, tulipomvalisha mtoto ilimmeza mpaka masikioni. Mwenye boti akasema aah mwendo wenyewe mfupi huu, mtafika sasa hivi. Ni kweli mwendo ni mfupi, kisiwa unakiona kabisa kutoka Masoko, lakini maji ni maji. Namshukuru sana yule mwongozaji, alikataa kuondoka mpaka ikaletwa ya mtoto kutoka boti nyingine, tukachelewa kidogo lakini tukavuka roho zimetulia. Hilo jambo halikupaswa kungojea mteja afike ndo lianze kutafutwa.

Kwenye kuvuka nahodha ndo alianza darasa bila kuombwa. Mama alimuuliza, baba, hivi hawa Waarabu walikuwa wanafikaje huku bila injini, akasema kwa kaskazi mama, ikianza kuvuma wanashuka nayo toka Uarabuni, wanafanya biashara zao, kusi ikianza wanarudi nayo kwao. Na Kilwa iko karibu na mwisho wa pale ambapo chombo kinaweza kushuka na kurudi ndani ya msimu mmoja, kwaiyo dhahabu iliyotoka Sofala huko kusini ilikuwa lazima ipitie hapa kwanza ndo iende mbele. Pale pale nikaelewa kwa nini huu mji ulitajirika, na miaka yote shuleni nilikariri tu kwamba ulitajirika.

Tulianzia Gereza kwa sababu ndo linalokupokea ukishuka. Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505 walipouteka mji chini ya Francisco d'Almeida, wakaondoka 1512, na hili jengo unaloliona leo sehemu kubwa ni la Waomani waliokuja baadae. Vasco da Gama alishapita 1502 akadai kodi. Bahari inaukula ule ufukwe, na hiyo ilikuwa moja ya sababu UNESCO waliiweka Kilwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikatolewa 2014. Kwenye urithi wa dunia wenyewe imo tangu 1981 pamoja na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara. Pale hatukukaa sana.

Msikiti Mkuu ndo tulikaa, na ndo hapo pesa yangu ilipoanza kurudi. Mwongozaji hakutuingiza kati moja kwa moja. Alitupeleka kwanza upande wa kaskazini, sehemu ndogo ya zamani, akasema hii ni ya karne ya 11 au 12, simameni hapa mtazame ukubwa wake, mji ulikuwa unatosha humu. Akatuacha tukae kimya kidogo. Ndo akatutoa kwenda upande wa kusini kwenye zile nguzo na matao na makuba, akasema hii iliongezwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, dhahabu ilipokuwa inamiminika, ikabomoka, ikajengwa tena karne ya 15. Yani unauona utajiri unavyokua kwa miguu yako mwenyewe, unatoka kwenye chumba unaingia kwenye ukumbi. Akatuonyesha matumbawe yanavyokatwa yakiwa bado na unyevu wa bahari kwa sababu hapo ni laini, yakikauka yanakuwa magumu, na chokaa nayo inatokana na matumbawe hayo hayo yakichomwa. Mama akasema hata nyumba ya babu yake ilikuwa ya mawe na chokaa, wakaanza kuongea yeye na kijana mambo ya boriti za mikoko na namna ya kupanga paa, sie wengine tukakaa chini tukasikiliza. Hakuna aliyetuharakisha. Hicho kipande peke yake kwenye kundi kisingetokea.

Jambo jingine nililolipenda, alikuwa anatenganisha. Alitupa ile hadithi ya Ali bin al-Hasan aliyetoka Shirazi akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote, na kwamba alipokipata akachimba mkondo uwe na kina ili mwenye kisiwa wa zamani asiweze kurudi kwa miguu maji yakikupwa. Akamaliza akasema hiyo ni hadithi iliyoandikwa na wazee wa Kilwa, msiichanganye na yaliyochimbwa ardhini, mana miaka ya 1960 mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapa na ushahidi wake unajadiliwa mpaka leo, na chini ya hizi nyumba za mawe kulikuwa na kijiji cha watu wa pwani hii hii kabla. Nimeshasikia waongozaji sehemu nyingine wanamwaga hadithi na historia kwenye chungu kimoja ili mgeni afurahi. Huyu hapana.

Mtoto wetu alikuwa ameokota kigae chenye rangi ya kijani njiani, mwongozaji akamwambia mwanangu hicho kimetoka Uchina, kilikuwa bakuli la mtu, kiangalie vizuri, mpe na bibi aangalie, halafu ukirudishe pale pale ulipokitoa kwa sababu hairuhusiwi kuondoka nacho na mwenzio akija kesho naye akikute. Akakirudisha bila kulia. Baadae kwenye ule Msikiti Mdogo wa makuba tukaonyeshwa kwenye dari sehemu walizokuwa wanapachika mabakuli ya kung'aa kama pambo, dogo akaunganisha mwenyewe kwamba ni bakuli za namna ile ile. Akamwambia pia habari ya sarafu, kwamba Kilwa ilikuwa inatengeneza sarafu zake za shaba na mwaka 1944 askari wa Australia aliokota sarafu za Kilwa kule visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, hakuna anayejua kwa uhakika zilifikaje.

Chakula tulikula kijijini, mana kisiwa kina watu wake, wavuvi na wakulima, na kina mama wanapika mkitoa taarifa mapema. Wali wa nazi, samaki na pweza. Mama alipata pa kuswali na pa kunyoosha miguu. Maji ya kunywa bebeni ya kutosha toka Masoko, na kofia au mtandio, magofuni kivuli ni cha kubahatisha.

Husuni Kubwa iko pembeni, mashariki ya mji, njia inapita mashambani na penye mibuyu. Waongozaji wengi wanairuka kwa kuwa ni mbali na jua kali, wa kwetu alimuuliza mama mwenyewe, bibi tuendelee au nikupeleke ukapumzike kwa wenyeji, mama akasema mwanangu nimekuja kuona, twende. Tukaenda polepole, tunakaa chini ya miti, tunaenda tena. Hapo juu unaiona bahari yote, ni kasri la mwanzoni mwa karne ya 14, vyumba zaidi ya 100, na lile birika la kuogelea la pembe nane ambalo umbo lake bado liko wazi kabisa. Mwenye kasri ni yule yule al-Hasan bin Sulaiman wa msikitini, sultani ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta alipofika mwaka 1331, akasifu uzuri wa mji na akaandika kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib kwa jinsi alivyokuwa anagawa zawadi.

Mtoto akauliza, mjomba, hayo maji ya kuogelea yalikuwa yanafikaje juu huku? Mwongozaji akachuchumaa wakawa usawa mmoja akamwambia, kisima kiko wapi na birika liko wapi, unadhani nani alikuwa anayabeba? Dogo akafikiria sana akasema watumwa. Kijana hakulikwepa, akasema hatuna jina hata la mmoja wao, lakini birika halikujaa lenyewe. Na tuliporudi mjini kupitia Makutani, lile jumba la masultani wa karne ya 18, akaendelea na habari hiyo hiyo, kwamba mwaka 1776 Mfaransa mmoja Morice aliandikishana mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watu 1000 kila mwaka, wengi walipelekwa mashamba ya visiwa vya Morisi na Reunion. Alivyosimulia hakupamba wala hakupunguza, na mtoto alikuwepo anasikia. Nilimshukuru kwa hilo kuliko chochote. Kilwa ya dhahabu na vigae inasimuliwa kirahisi, hii nyingine watu wa boti za haraka haraka wanaishia njiani nayo, wakati waliobebwa walitoka huku kwetu, bara ya nyuma ya hii pwani.

Mapungufu mengine. Mwongozaji hakuwa na mchoro wowote wa kuonyesha majengo yalivyokuwa yamekamilika, mtu mzima unaweza kujenga picha kichwani lakini mtoto Husuni alihangaika mpaka akachorewa kwenye mchanga kwa kijiti. Karatasi moja tu ingemaliza hilo. Pia kwa kuwa hatukuharakishwa popote, mwishoni ilibidi tukimbizane na maji, mama akashikwa mkono kushuka kwenye boti, maji ya magoti. Hakulalamika, lakini kama una mgonjwa zaidi ya hapo waambie mapema mfupishe Makutani.

Songo Mnara msiichanganye siku hiyo hiyo. Iko mbali zaidi, kushuka kwake ni shughuli, na nyumba zake zinataka muda wake. Tumeshakubaliana na huyu kijana tutairudia kiangazi, bila mama safari hiyo, yeye mwenyewe ndo kasema.

Nampa mwongozaji tano kwa tano, boti naipa mbili kwa tano. Ukitafuta wako pale Masoko muulize kabla hujatoa hela kama Husuni Kubwa imo na kama ana laifu jaketi za watoto. Akikwambia Husuni ni mbali haina haja, tafuta mwingine.