TAHADHARI: Waya za "shaba tupu" kwa ajili ya chumba cha sinema nyumbani, ndani ni alumini

Wakuu, salaam. Kama unajenga na umetenga chumba cha sinema, au una ndugu aliye kwenye hatua hiyo, soma hili kabla hujatoa hela.

Kuna muuzaji anajitangaza mtandaoni kwamba ana "paketi kamili ya homu thieta": maroli ya waya wa umeme wa 1.5 na 2.5 (unene wa waya kwa milimita za mraba), waya wa spika, kebo ya Cat6 (ya mtandao) na HDMI (ya picha na sauti) ya mita 15. Bei yake iko chini ya maduka, na mzigo unaletwa saiti kwa bodaboda. Kila roli limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni shaba asilimia 100. Si kweli. Ni alumini iliyovishwa ngozi nyembamba ya shaba.

Mimi ni fundi wa kufunga projekta, amplifaya na spika. Niliitwa Madale, Dar es Salaam, kwenye nyumba ambayo fundi mwingine alishavuta waya zote, plasta imepigwa, imebaki dari ya jipsamu tu. Nilipomenya waya wa soketi ya amplifaya, ukakatika kwa kukunjwa kidogo. Shaba haifanyi hivyo. Nikaukwangua kwa wembe, ndani mweupe. Roli la 2.5 la mita 100 ambalo lilikuwa halijafunguliwa tulilipeleka kwenye mizani ya duka la jirani, halikufika kilo 2. Sasa piga hesabu mwenyewe: mita 100 za waya wa shaba wa 2.5mm², shaba peke yake ni zaidi ya kilo 2.2, hapo hujaweka plastiki ya juu. Roli zima la halali linavuka kilo 3.

Nataka mwelewe kwa nini naliita hili jambo la hatari na si la hasara tu. Fundi akishavuta 2.5 anaweka sakiti breka ya ampea 20, kwa sababu shaba ya unene huo inaubeba mzigo huo. Breka haijui kilichomo ndani ya plastiki. Alumini ya namna hii inapitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya shaba, na hawa jamaa wanaupunguza hata unene wenyewe. Waya unaweza kuchemka ukutani huku breka imetulia. Pabaya zaidi ni kwenye skrubu za soketi. Alumini hutanuka kwa joto kuliko shaba, ikipoa inarudi, na kila mara skrubu inalegea kidogo. Tena inajenga utando usiopitisha umeme vizuri. Kiungo kinapata moto, soketi inaanza kuyeyuka. Na chumba cha sinema ndicho chenye mazulia, mapazia mazito na sponji za ukutani, wakati amplifaya, sabufa na projekta vinawaka saa nyingi mfululizo. Kiyoyozi nacho kinatakiwa kiwe na laini yake peke yake hadi kwenye breka. Pale Madale kilikuwa kimeunganishwa humo humo.

Waya wa spika ni hadithi ile ile, ila hasara yake ni ya sauti. Upinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika (omu ni kipimo cha upinzani). Spika ya omu 8 iliyo umbali wa mita 15, waya wa shaba wa 2.5 unakupa kama omu 0.22, uko salama. Ule wa paketi ulisoma zaidi ya mara tatu ya hapo. Mteja alishaambiwa amplifaya yake ni feki, akawa anatafuta nyingine!

HDMI yao inasifiwa kuwa ni ya 8K, yaani picha ya ubora wa juu kabisa, inayouzwa kama kebo ya gigabiti 48 kwa sekunde. Kebo ya HDMI ya waya mtupu haiwezi kubeba kiasi hicho kwa mita 15. Hata mita 5 ni kwa taabu. Kwa umbali huo unahitaji ya nyuzi za mwanga, nayo ina upande wa deki na upande wa projekta, ukiivuta kinyume haionyeshi kitu. Kebo iliyopimwa kihalali ina lebo yenye msimbo wa QR unaoskani kwa simu. Hizi hazina.

Ujanja wao uko kwenye muda. Wanakuletea kipande cha sampuli ambacho kweli ni shaba, unakagua unaridhika. Mzigo wenyewe unakuja siku mafundi wako juu ya ngazi, kila mtu ana haraka. Hela unatuma kwa namba yenye jina lisilofanana na la biashara, risiti ni ya mkono, imeandikwa "vifaa" basi. Ukilalamika unajibiwa waya uliokatwa haurudishwi, kisha namba yako inazuiwa. Jina la ukurasa wao limeshabadilika, kwa hiyo msikariri jina, kariri paketi.

Kabla ya kulipa, pima uzito wa roli zima. Kata inchi moja, kwangua kwa wembe. Ukiwa na kifaa cha kupimia umeme (maltimita), gusisha kwanza ncha zake mbili uone inasoma ngapi, kisha pima roli la mita 100 mwanzo hadi mwisho: 2.5 ya shaba ni karibu omu 0.74 baada ya kutoa ile ya ncha. Ikikusomea 1.2 na kuendelea, rudisha. Dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) iliyoandika aina na unene wa waya, maana bila hiyo hata ukienda TBS (Shirika la Viwango) au Tume ya Ushindani unaenda mikono mitupu. Na fundi wa kuvuta umeme awe na leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), si kishoka anayelipwa kamisheni na muuzaji huyo huyo.

Kama tayari umeshavuta waya hizi na hujafunga jipsamu, usiwashe mzigo. Zikiwa zimepita kwenye mabomba, funga waya wa shaba kwenye ncha ya ule wa zamani, vuta taratibu, utatoka huku mpya ukiingia. Waliojaza plasta juu ya waya bila bomba, itabidi kupasua ukuta. Bakini na maroli na picha za lebo, zitahitajika kwenye malalamiko.