Kughairi kutua: uamuzi wa rubani na amri ya mnara

Rubani akiamua mwenyewe kughairi kutua, tuseme kwa sababu ndege haijatulia (mwendo na mteremko wake havijakaa sawa) ikifika futi 1,000 mawinguni au futi 500 kukiwa kweupe, redio husubiri. Kwanza nguvu ya injini, pua juu, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) zipunguzwe, magurudumu yakunjwe ndege ikishapanda kweli. Ndipo yaje maneno mawili: "Going around" (naghairi kutua). Mwongozaji wa ndege aliye mnarani anayeuliza sababu dakika hiyo anamwongezea rubani mzigo, ataelezwa baadaye.

Amri ya mnara ni ngumu zaidi, kwa kuwa humkuta rubani akili yake ikiwa kwenye kutua, na huenda hajaiona ndege ambayo bado haijatoka kwenye njia ya kurukia. Mwongozaji husema "Go around" (ghairi kutua), jibu ni lilelile. Kinachoweza kuharibu ni watu wawili kubonyeza redio pamoja: hutoka mluzi tu, amri ikapotea. Kukiwa kimya, irudiwe papo hapo.

Baada ya hapo, aliyekuwa akitua kwa kufuata vyombo vya ndani ya ndege hufuata utaratibu wa kughairi ulio kwenye chati, yaani ramani ya kutua ya uwanja huo. Wa kutumia macho huingia mzunguko wa kawaida wa kuzunguka uwanja, mnara usiposema vingine.