Betri ya sola ya nyumbani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiulizia betri kwenye duka la sola, utaulizwa kwanza: "Ah ngapi?" Ah ni ampea-saa, na namba hiyo peke yake inapotosha. Betri ya risasi na asidi ya 12V 200Ah imebeba wati-saa (Wh) 2,400, yaani volti mara Ah, lakini ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na Wh 1,200. Lithiamu ya 12.8V 100Ah imebeba Wh 1,280, na asilimia 80 yake, kama Wh 1,000, unaitumia kila siku bila kuiumiza. Stika zinasema moja ni mara mbili ya nyingine, kumbe kwa matumizi zinakaribiana.

Anza na hesabu ya nyumba yako. Taa 6 za LED za wati 7 kwa saa 5 ni Wh 210. TV ya wati 50 kwa saa 5 ni 250. Ruta ya intaneti ya wati 10 usiku na mchana ni 240. Simu nne, 60. Jumla 760, ongeza asilimia 15 inayopotelea kwenye inveta na nyaya, unafika 875 hivi. Hapo lithiamu moja ya 100Ah au risasi ya 200Ah inatosha, pamoja na paneli za wati 300 za kuijaza. Ukiongeza friji, hesabu upya.

1. Lithiamu ya fosfeti ya chuma (LiFePO4)

Kwa nyumba nyingi, hii ndiyo ya kununua. Ikitunzwa inatoa mizunguko (kuitumia na kuijaza tena) 2,000 hadi 4,000 na zaidi, wakati jeli ya kawaida, betri ya risasi iliyofungwa isiyoongezwa maji, hutoa 500 hadi 1,000 ikishushwa nusu tu. Kabla hujaogopa bei, zidisha Wh zinazotumika kwa mizunguko, kisha gawa bei kwa jibu hilo. Lithiamu ya 100Ah kwa mizunguko 3,000 inakupa kWh 3,000 (kWh moja ni Wh 1,000). Jeli ya 200Ah kwa mizunguko 600 inakupa kWh 720. Hata lithiamu ikiuzwa mara mbili ya jeli, umeme wake bado ni wa bei nafuu zaidi.

Na ni tulivu. Oksijeni iliyo ndani yake imeshikwa imara na fosforasi, hivyo ni vigumu kuwaka kuliko betri za lithiamu zenye madini ya kobalti.

Inapoharibika, mara nyingi seli hazina kosa. Tatizo ni bodi ya ulinzi, yaani BMS. Soma imeandikwa ampea ngapi. BMS ya 100A inabeba kama wati 1,200, kwa hiyo ukiifunga kwenye inveta ya wati 2,000 itakata kila pasi ikiwashwa, na fundi atakuambia betri imekufa. Vilevile, betri iliyoshuka mno huonyesha 0V kwenye multimita (kipima volti) kwa sababu BMS imefunga mlango. Mara nyingi chaja ya lithiamu huiamsha. Kontrola, kile kifaa kinachodhibiti chaji kutoka kwenye paneli, iwekwe 14.2V hadi 14.4V, na ile chaji ya kusawazisha ya betri za maji izimwe kabisa.

2. Tubula ya maji

Hii ni betri ya risasi unayoiongezea maji, na wauzaji wengi wataisukuma jeli mbele yake. Sisi tunaiweka tubula juu, kwa sharti moja: awepo mtu wa kuitunza. Bamba zake chanya zimevikwa mirija inayozuia risasi isimong'onyoke, na ikishushwa nusu hufika mizunguko 1,000 hadi 1,500. Kila mwezi angalia maji, yafunike bamba kwa milimita 10 hivi. Ongeza maji safi ya betri tu (distilled), si asidi. Ya bomba yana klorini na madini yanayoila betri. Haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, ikisoma 1.265 betri imejaa, 1.20 imefika nusu. Hutoa haidrojeni inapochajiwa, kwa hiyo isikae chumba cha kulala.

3. Jeli na AGM

Hizi ni betri za risasi zilizofungwa; AGM asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo. Hazihitaji maji, na hapo ndipo penye shida: zikikauka hakuna kuzijaza. Jeli ikichajiwa zaidi ya 14.2V hutoa mapovu yanayoacha matundu yasiyozibika. Joto nalo linazimaliza: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri ya risasi hupungua karibu nusu, nawe uko Mombasa au Dar es Salaam chini ya bati. Tazama pia kama Ah imepimwa kwa C10, C20 au C100, yaani kuimaliza kwa saa 10, 20 au 100. 200Ah ya C100 ni ndogo kuliko 200Ah ya C10.

4. Seli za kompyuta mpakato zilizounganishwa upya

Volti zake hazilingani vizuri na mfumo wa 12V, na zikishika moto hazizimiki kirahisi. Acha.

5. Betri ya gari

Bamba zake ni nyembamba, zimetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache. Ukiitumia kuangalia TV kila usiku itakufa ndani ya miezi.

Kabla hujalipa

Inyanyue. Lithiamu ya 100Ah huwa na kilo 10 hadi 13, ya risasi 28 hadi 32. "Lithiamu ya 100Ah" yenye kilo 5 si ya 100Ah. Pima volti: ya risasi iliyo mpya isome 12.6 au zaidi. Ikiwa chini ya 12.4, imekaa dukani bila chaji na salfeti imeanza kuganda kwenye bamba. Muuzaji aandike kwenye risiti kwamba unaweza kuirudisha, kisha ijaze nyumbani na uifungie mzigo wa wati 100 wa DC: lithiamu halisi ya 100Ah huubeba kwa saa 12 hivi.

Wakati wa kufunga, kontrola iunganishwe na betri kwanza, paneli baadaye. Usichanganye mpya na kuukuu, wala lithiamu na risasi. Inveta ya wati 1,000 kwenye 12V huvuta karibu 95A, kwa hiyo waya uwe wa milimita za mraba 25 hadi 35, na fyuzi ya 125A ikae karibu kabisa na ncha chanya. Baada ya saa moja ya mzigo, zima inveta, kisha gusa nati: ikiwa ina joto kuliko waya wenyewe, haijakazwa.