Kisanduku cha fono kilichorudisha besi ya santuri zangu

Kwa wiki mbili niliamini kwamba spika zangu za kompyuta zimechoka. Santuri za rumba za miaka ya 1970, ambazo marehemu baba alizitunza kuliko alivyovitunza viatu vyake, zilitoa sauti nyembamba na kali: magitaa yanasikika, mwimbaji yumo kwa mbali, lakini gitaa la besi halipo kabisa. Nilipofungulia sauti hadi mwisho, kilichoongezeka ni mikwaruzo ya vumbi tu. Muuzaji mmoja wa Kariakoo niliyemweleza shida hiyo alinishauri ninunue subwufa, ushauri ambao nilikaribia kuufuata, hadi nilipochomeka simu kwenye spika zilezile na kikombe cha chai kikaanza kutetemeka mezani.

Kumbe kasoro haikuwa kwenye spika. Wakati wa kuchonga santuri, besi hupunguzwa kwa makusudi, kwa sababu mawimbi yake mapana yangekula nafasi kubwa ya mfereji na kuirusha sindano, na sauti za juu huongezwa ili zifunike mchakacho wa plastiki yenyewe. Kanuni hiyo, iitwayo RIAA, imetumika tangu katikati ya miaka ya 1950, na kwenye besi ya chini kabisa, ya hezi 20, upunguzaji hukaribia desibeli 20, yaani wimbi hubaki takribani sehemu ya kumi ya ukubwa wake. Kazi ya kurudisha kilichopunguzwa hufanywa na amplifaya ya fono, ambayo pia huikuza sauti ya katriji ya sumaku, yaani kile kichwa kidogo kinachoshika sindano, kwa kuwa katriji hiyo hutoa milivolti chache tu. Spika za kompyuta hazina sehemu hiyo.

Kabla ya kutoa fedha, mtu ageuze mashine yake ya kuchezea santuri na kutazama nyuma. Mashine nyingi za siku hizi zina amplifaya hiyo ndani, pamoja na swichi iliyoandikwa PHONO na LINE, na kwa spika za kompyuta inatakiwa iwe LINE. Yangu ni ya zamani, haina swichi, ndiyo maana nikanunua amplifaya ya fono ya pembeni, kisanduku hiki, kwa shilingi 65,000.

Ni kisanduku cha bati chenye ukubwa wa pakiti ya majani ya chai, kina matundu mawili ya kuingizia, mawili ya kutolea, na skrubu ya kufungia waya wa ethi. Nilipokiunganisha mara ya kwanza nilisahau waya huo, na mvumo uliotoka ulikuwa kama wa jokofu bovu. Nilipoukaza, mvumo ukaisha. Kisha nikaiteremsha sindano, na gitaa la besi likaingia mahali pake, mnene na tulivu, nikalazimika kupunguza sauti ambayo siku zote nilikuwa nimeifungulia hadi mwisho. Niligusa karatasi ya spika kwa kidole nikaihisi ikisukuma.

Siwezi kukisifu kwa kila kitu. Hakina swichi ya kuzimia, kwa hiyo huwaka mchana na usiku usipochomoa adapta, nayo adapta ni nyepesi kiasi cha kutia wasiwasi, tena ikikaa karibu na nyaya za sauti mvumo hurudi kidogo. Mwenye mashine ambayo tayari ina amplifaya ndani asikiunganishe huku swichi ikiwa LINE, maana sauti itakuzwa mara mbili na kutoka ikiwa imepasuka.

Besi ikibaki hafifu hata baada ya hapo, zikaguliwe nyaya nne ndogo za katriji, kwani upande mmoja ukigeuzwa, besi ya kushoto na ya kulia hufutana. Vilevile spika zisogezwe karibu na ukuta, jambo lililonisaidia kuliko nilivyotarajia. Spika zenye kipenyo cha inchi tatu, hata hivyo, zina mpaka wake, na mwenye nazo ambaye ameshafanya yote hayo ndiye anayeweza sasa kumsikiliza muuzaji wa subwufa.