Grafu ya titresheni: kalamu au kompyuta?

Hapa Bukavu ubishi huu hurudi kila mitihani ikikaribia: titresheni, yaani kumimina besi kidogo kidogo kwenye asidi huku ukifuata pH, grafu yake uikokotoe kwa mkono au kwa jedwali la kompyuta? Chukua mililita 25 za asidi ya siki, 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), uitilie NaOH, besi kali, ya 0.1 M.

Kwa kalamu, pointi tatu zinabeba grafu: mwanzo, pH 2.88; mL 12.5 za NaOH, pH 4.76, ndiyo pKa yenyewe (kipimo cha nguvu ya asidi); mL 25, asidi yote ikiwa imeisha, pH 8.73. Hapo ndipo mwanafunzi anaelewa kwa nini pH haikutua kwenye 7: asetati iliyobaki, zao la asidi ya siki, ni besi. Ila fomula ya Henderson (pH ni pKa kujumlisha logi ya asetati kwa asidi) inakwama kwenye mL 0, maana logi ya sifuri haipo.

Kompyuta hugeuza swali: unataja pH, yenyewe inakupa ujazo wa NaOH. Mlinganyo mmoja unatosha asidi kali na dhaifu. Lakini seli moja ya jedwali ikikosewa, grafu yote imepinda, na umeme ukikatika (tunaujua) unabaki unaangalia kioo cheusi.

Kwa HCl, asidi kali, ya kiasi kilekile, sioni haja ya kompyuta: mL 24.9 pH 3.70, mL 25.1 pH 10.30. Grafu inapanda kama ukuta.

Mtihani ni wiki ijayo? Shika kalamu. Unapima asidi ya limau, yenye pKa tatu zilizosongamana, 3.1, 4.8 na 6.4? Washa mashine.