Nusu saa mbele ya slaidi za darasa la sita: tathmini ya huduma ya kuwaonyesha wazazi vifaa vya elimu ya mahusiano na jinsia

Shule ya msingi anakosoma binti yangu, katika mji mmoja wa kati mwa Uingereza, ilitutumia barua mwezi Mei ikiwaalika wazazi wa darasa la sita kufika jioni ili waone, kabla ya watoto wao, slaidi, video na karatasi za mazoezi zitakazotumika katika vipindi vinne vya elimu ya mahusiano na jinsia. Shule sitaitaja, kwa kuwa ninachokipima ni huduma yenyewe, ambayo wazazi wengi wenzangu wa kutoka Afrika Mashariki na Kongo huichukulia kama mkutano mwingine wa shule na kuiacha ipite. Naipa nyota tatu kati ya tano.

Thamani ya jioni kama ile inaanzia kwenye sheria. Tangu Septemba 2020, shule zote za msingi za Uingereza (yaani England; Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao) zinalazimika kufundisha elimu ya mahusiano, na za sekondari elimu ya mahusiano na jinsia. Elimu ya afya, ambayo ndani yake mna balehe na hedhi, ni ya lazima kwa shule za serikali za ngazi zote mbili. Katika shule ya msingi, elimu ya jinsia inayovuka yaliyomo katika somo la sayansi si ya lazima, na pale shule inapoamua kuifundisha, mzazi akiomba mtoto wake asihudhurie, mwalimu mkuu anapaswa kumkubalia. Mzazi huyo huyo, hata hivyo, hawezi kumtoa mtoto kwenye kipindi cha mahusiano, cha balehe au cha sayansi. Mpaka ni mwembamba, na asiyeona kilichomo ndani ya kila kipindi hawezi kujua anaombea nini ruhusa. Kumpa mzazi haki ya kumtoa mtoto bila kumwonyesha anatolewa kwenye nini ni kumuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tulipokewa vizuri. Tuliketi ukumbini kwenye viti vya watoto, magoti yakitufika kifuani, na mwalimu wa darasa akapitisha slaidi zote kwenye projekta bila kuruka hata moja, zikiwemo zile ambazo, ilivyoonekana usoni mwake, angependa zipite haraka. Kipindi cha kwanza kilihusu mabadiliko ya mwili, cha pili hedhi na usafi, cha tatu mipaka ya mwili na siri zisizofaa kufichwa, cha nne jinsi mimba inavyotungwa na mtoto anavyozaliwa. Taulo za kike zilipitishwa mkono kwa mkono kama zitakavyopitishwa darasani, kwa wasichana na wavulana pamoja. Tuliona pia sanduku la maswali, ambamo mtoto hutumbukiza karatasi isiyo na jina, na mwalimu akatueleza kwamba maswali yanayozidi umri wao hatayajibu mbele ya darasa, bali atamwelekeza mtoto akaulize nyumbani. Hapo baadhi yetu tulitazamana.

Jambo lililonipendeza kuliko yote ni kwamba kila slaidi ilikuwa na alama pembeni kuonyesha ni sayansi, ni afya, au ni elimu ya jinsia. Kwa hiyo tuliona kwa macho kwamba, kati ya vipindi vinne, kimoja tu, tena nusu yake, ndicho kinachoweza kuombewa ruhusa. Kwa muda wa wiki mbili kundi letu la WhatsApp lilikuwa limezungushiwa picha za kurasa zilizodaiwa kuwa ndizo watakazofundishwa watoto wetu, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwemo. Uvumi ule haukujibiwa kwa hotuba wala kwa barua ya kututuliza. Ulikufa wenyewe pale projekta ilipowashwa.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo. Mimi ni mtu wa Tanga, na lugha yetu imeweka mambo mawili ndani ya neno moja: somo ni kile kinachofundishwa darasani, na somo ni yule mwanamke anayemfunda mwali anapovunja ungo. Somo wangu hakuwa na slaidi, lakini mama yangu alimjua, alimchagua, na alijua atasema nini. Mzazi wa kwetu anayedai kuona vifaa vya shule si lazima awe anapinga elimu. Mara nyingi anadai kile ambacho mama yake alikuwa nacho bila kukidai.

Mapungufu sasa. Nusu saa kwa vipindi vinne ni muda wa kuona picha, si wa kusoma, na karatasi za mazoezi zilipita mbele yetu kama magari barabarani. Tulikatazwa kupiga picha, jambo ninalolielewa, lakini hatukupewa chochote cha kwenda nacho nyumbani, hata orodha ya maneno mapya ambayo mtoto angerudi nayo. Mkutano uliwekwa saa kumi na moja jioni, saa ambayo wazazi wanaofanya kazi ya kutunza wazee, na katika mtaa wetu ni wengi, wanaingia zamu au wako njiani, na hapakuwa na siku ya pili. Mtu aliyekosa jioni ile alikosa kila kitu.

Mkalimani pia hakuwepo. Kando yangu aliketi mama mmoja wa Bukavu anayelea mjukuu wake. Anasoma Kifaransa na Kiswahili, Kiingereza anakijua cha dukani. Aliinama akaninong'oneza, "Mama, wanasema nini hapo?" Nikajikuta mkalimani. Uume ulipita, mfuko wa uzazi ukapita, lakini michoro ilipofika kwenye sehemu za nje za mwanamke, nilitafuta neno safi la kumwambia mtu aliyenizidi umri, huku baba wawili wakiwa nyuma yetu, nikaishia kuonyesha kidole kwenye ukuta. Shule inasema, kwa haki, kwamba mtoto anayejua jina halisi la kiungo chake anaweza kueleza akiguswa vibaya. Basi bibi yake naye anahitaji jina hilo kwa lugha atakayomsikilizia.

Kwamba inawezekana kufanya vizuri zaidi, mfano upo. Katika madarasa ya chini shule yetu hutumia mafunzo yaitwayo PANTS ya NSPCC, shirika la Uingereza la kuwalinda watoto, yanayomfundisha mtoto kwamba mwili wake ni wake na kwamba siri inayomkera aiseme kwa mtu mzima anayemwamini. Mafunzo hayo yako wazi kwenye intaneti, na mzazi anaweza kuyarudia na mwanawe usiku wowote. Sikupata kusikia mtu akiyazushia uvumi.

Kwa kulinganisha, huduma ya sekondari anakosoma kaka yake, ambayo nayo haitajwi, ningeipa nyota moja. Niliomba kwa barua pepe kuona vifaa vya mwaka wake, nikajibiwa baada ya wiki tatu kwamba vimetengenezwa na kampuni ya nje, kwamba vina hakimiliki, na kwamba naweza kutumiwa muhtasari. Muhtasari ulikuwa ukurasa mmoja wenye vichwa vya mada. Jibu la namna hiyo si geni: mwaka 2023 mama mmoja wa kusini mwa London alishindwa mbele ya baraza la rufaa za haki ya taarifa alipodai vifaa vya kipindi cha binti yake, baraza likiyapa uzito maslahi ya kibiashara ya waliovitengeneza. Lakini mwaka huo huo Gillian Keegan, aliyekuwa waziri wa elimu, aliziandikia shule mara mbili, mwezi Machi na mwezi Oktoba. Katika barua ya pili alieleza kwamba hakimiliki si sababu ya kumnyima mzazi kuona, na kwamba kifungu cha mkataba kinachoizuia shule kuonyesha vifaa hivyo hakina nguvu. Mwongozo mpya uliotolewa Julai 2025, unaoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2026, unataka wazazi waonyeshwe vifaa vyote wanapoomba, na shule zisiingie mikataba ya kuvificha.

Nilizitaja barua hizo kwa adabu katika ombi langu la pili. Siku nne baadaye niliitwa ofisini, nikawekwa mbele ya kompyuta na karani akakaa nami hadi nilipomaliza. Vifaa vyenyewe vilikuwa vya maana, hasa kipindi kuhusu picha za utupu zinazotumwa kwa simu na kingine kuhusu ukeketaji, ambacho ningependa kila baba wa kwetu akione. Kilichoniudhi ni kwamba kitu kizuri kiasi hicho kilifichwa mpaka nikakishuku.

Kwa mzazi atakayepokea mwaliko kama wangu, ushauri wangu ni mdogo. Aende mapema akae mbele, aulize kila kipindi kiko upande gani wa sheria, na asikubali muhtasari badala ya kifaa chenyewe. Asiyeweza kwenda aandike kuomba siku nyingine, aeleze zamu yake, na ataje lugha anayoisoma. Mimi niliandika hivyo kwa niaba ya yule mama wa Bukavu, na mwalimu mkuu akanijibu kwamba kuanzia mwaka ujao slaidi zitawekwa kwenye ukurasa wa wazazi wenye nywila kwa wiki mbili kabla ya vipindi, pamoja na orodha ya maneno itakayotafsiriwa. Nyota ya nne naiweka akiba hadi nitakapoiona orodha hiyo.