Kabla hujajaza flashi: tamthilia za polisi na mahakama ambazo kesi zake zinaisha

“Dada, hiyo ya nane bado haijatoka.”

Ndivyo alivyonijibu kijana wa kibanda cha muvi hapa Sinza, macho yake yakiwa kwenye simu. Tamthilia yenyewe ni The Night Of. Ina sehemu nane tu, na zote zilionyeshwa HBO mwaka 2016. Nililipa elfu nane kwa hiyo na nyingine tatu, nikakesha nayo tangu Ijumaa. Jumapili saa tano usiku kesi imeiva, wakili wa utetezi miguu inamwasha kwa ukurutu hadi anajikuna na kijiti cha kulia chakula cha Kichina, nafungua faili namba 8, nakuta ni namba 7 iliyobadilishwa jina. Na niliiangalia dakika kumi nzima nikidhani wanatukumbusha ya nyuma.

Nimepigwa, tena na mtu anayeniita dada.

Nilipoyasimulia haya kwenye kikoba chetu, kumbe kila mmoja ana lake. Wa Tabata alijaziwa tamthilia ya mauaji, sehemu ya mwisho akakuta mieleka. Wa Mbagala aliuziwa msimu mmoja umekatwa vipande viwili, kila kipande bei yake. Kwa hiyo msinitegemee niwaambie picha ipi inang'aa au muigizaji gani mzuri wa sura. Mimi nina swali moja: kesi inaisha? “Upelelezi haujakamilika, shauri limeahirishwa” tunaisikia kwenye taarifa ya habari kila siku, bure. Sina sababu ya kuinunua.

Kwanza flashi yenyewe. Kuna flashi feki zimechezewa ili ukizichomeka zionyeshe GB 64 wakati ndani uwezo wake ni GB 8. Ukijaza, majina ya mafaili yote unayaona, lakini yaliyozidi ule uwezo halisi yameharibika au hayamo kabisa. Kwa kuwa msimu unanakiliwa kwa mpangilio, zinazokufa mara nyingi ni zile za mwisho, yaani hukumu. Kwa hiyo usifungue sehemu ya kwanza pale kibandani. Ya kwanza hucheza siku zote. Fungua ya mwisho, isogeze hadi majina ya waigizaji yanapopanda. Kisha angalia ukubwa wa mafaili: mawili yakilingana hadi tarakimu ya mwisho, ujue ni moja limezaa pacha. Laiti ningelijua hilo mapema.

Sasa tamthilia zenyewe. Namba moja ni Law & Order, na nasema mapema kwamba naipendelea, hivyo msinitafute. Ilianza NBC Septemba 1990, ikasimamishwa 2010 baada ya misimu 20, ikarudishwa 2022. Nusu ya kwanza polisi wanahangaika mitaani New York, nusu ya pili waendesha mashtaka wako mahakamani, na ndani ya dakika arobaini na kitu kesi imefunguliwa na kufungwa. Muuzaji akikuibia sehemu tatu, hujapungukiwa kitu, unaruka unaendelea. Haina namna ya kukukomoa.

Mama alipokuja kutoka Tanga alikaa kwangu wiki tatu, Kiingereza hajui, na ndiyo aliyoing'ang'ania. Ule mlio wa “dun dun” unaotenganisha matukio (aliutunga mwanamuziki Mike Post) ukipigwa, anaacha kuchambua mchicha. Siku ya pili akaniuliza, “Hao waliokaa pembeni kama kwaya ni kina nani?” Nikamweleza kwamba wenzetu kesi kama hizo huamuliwa na raia kumi na wawili wa kawaida, siyo jaji peke yake kama ulivyozoea huku. Akaguna. “Kumi na wawili wakubaliane? Sisi kwenye kikao cha harusi watano tu tunashindwa.” Tangu hapo kila jaji akiuliza uamuzi, mama anatoa wake kwanza. Alipatia kunishinda, na hilo sijalisahau.

Mdogo wa tamthilia hiyo ni SVU, ya tangu 1999, Mariska Hargitay akiwa Olivia Benson. Nzuri mno, ila inahusu makosa ya kingono, hivyo watoto wawe wamelala kweli, siyo wamefumba macho.

Namba mbili ni zile fupi zilizoandikwa ziishe. The Night Of imo, pamoja na machungu yangu. When They See Us ya Ava DuVernay, 2019, ina sehemu nne: vijana watano wa New York waliotiwa hatiani mwaka 1990 kwa kosa wasilolitenda, hukumu zikaja kufutwa 2002. Usiiangalie siku ambayo tayari una hasira. The People v. O. J. Simpson ya 2016, kesi ya mauaji ya yule nyota wa mpira wa Marekani, ina sehemu kumi, na ingawa hukumu ya Oktoba 1995 dunia nzima inaijua, mimi bado nilishika mto kifuani. Hizi ndizo za kununua kama muuzaji humwamini, maana hata mtoto wa chekechea anahesabu hadi nne.

Za Wakorea ziko hapohapo. Nyingi ni msimu mmoja na biashara imekwisha. Extraordinary Attorney Woo, 2022, sehemu 16, wakili binti mwenye usonji anayependa nyangumi kuliko anavyopenda watu. Vincenzo, 2021, sehemu 20, ya kisasi na vichekesho.

Namba tatu Better Call Saul, ya wakili mjanjamjanja. Sehemu 63, kuanzia 2015 hadi 2022, na waandishi wake waliimaliza wenyewe kwa hiari yao. Inaanza taratibu, msimu wa kwanza utalalamika, wa tatu utaacha kupokea simu.

Hapo chini panaanza hatari. How to Get Away with Murder, sehemu 90, ndiyo iliyompa Viola Davis tuzo ya Emmy, ile ya televisheni ya Marekani, mwaka 2015, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata kama muigizaji mkuu wa tamthilia. Lakini hadithi inarukaruka mbele na nyuma. Ukikosa sehemu moja hujui maiti ni ya nani. Usiinunue kibandani. Suits, sehemu 134, watu wanaisifia kwa sheria wakati humo mahakama inaonekana kwa nadra. Ni watu wenye suti wanaotishiana koridoni. Mimi nilikuwa naangalia viatu.

Usiguse Mindhunter, ya wapelelezi wa FBI wanaohoji wauaji. Ndiyo, ni nzuri, na hilo ndilo tatizo. Misimu miwili, 2017 na 2019, halafu kimya, na yule muuaji wanayetuonyesha kidogokidogo tangu mwanzo hatujaona anakamatwa. Muuzaji atakwambia “imeisha”. Haijaisha, imeachwa.

Zile za mia tano zilizotafsiriwa: kwa mapigano sawa, kwa mahakama hapana. Wakili anajenga hoja, mtafsiri anakusimulia kitu kingine kabisa.

Wiki iliyopita nimerudi kibandani na kompyuta yangu begani. Wameshabandika karatasi: FLASHI IKITOKA DUKANI HAIRUDI. Sawa, basi haitoki. Nikakaa kwenye benchi lao, nikafungua sehemu ya mwisho ya kila nilichonunua, foleni nyuma yangu ikanung'unika hadi mlangoni. Kijana mmoja akanisogezea ya kwake, “Dada, nichekie na mimi.” Ilikuwa Prison Break, misimu minne, ya mwisho inacheza vizuri.

Nikamwambia kuna wa tano, ulitoka 2017. Akamgeukia muuzaji.

“Huo bado haujatoka,” muuzaji akasema.